Zizi Lilikataa Kuhama

Mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa mkekani na kikombe kitupu mapajani, uso umejaa nzi. Sisemi wawili watatu wa kawaida. Walikuwa wamejipanga kwenye pembe za macho yake kama mbuzi kwenye birika la kisima, kichwa kwa kichwa, wanakunywa. Na yeye anacheka. Ananicheka mimi, kwa sababu nilikuwa nimejitwika sufuria kichwani nikitembea kama ngamia ili nimfurahishe. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, lakini macho yake hayakupepesa hata mara moja.

Hapo ndipo sufuria iliponishuka kichwani, na hasira ikapanda mahali pake.

Mimi si mtu wa hasira. Waulize wa kwetu, watakwambia yule binti hucheka hata mbuzi akipiga chafya. Shule niliishia darasa la nane, karo ikagoma hapo, lakini ndoto hazidai karo, kwa hiyo hizo nimeendelea nazo. Ndoto yangu kubwa ni duka la maziwa mjini Garissa, pamoja na dada yangu ambaye yuko huko tayari akiuza maziwa sokoni kwa jua. Duka lenye vigae vyeupe na kioo mbele. Nzi akija agonge kioo, aangalie maziwa kwa macho tu, afe na hamu yake. Ndoto hiyo nimeiota mara nyingi nikikamua, na kila mara nimemaliza kukamua nikitabasamu.

Siku ile sikutabasamu. Nilimpungia mtoto mkono usoni, nzi wakaruka, wakazunguka, wakarudi palepale. Yeye akabaki kuniangalia, kama anayesema, unawasumbua wenzako kwa nini?

Alikuwa amezoea. Umri wake wote ni wa kuanza kuunga maneno, na tayari amezoea kitu kama hicho. Nikajiuliza nani amemzoesha, na jibu lilikuwa limekaa nyumba nzima: sisi.

Kwetu ni nje ya Kotile, upande ambao ukitembea asubuhi unafika mtoni jua halijawa kali. Tulikuwa watu wanne. Bibi yangu, mzaa mama, ambaye ndiye aliyetulea mimi na dada baada ya mama kufariki, namwita ayeyo. Mjomba wangu, mwanawe, namwita abti. Mimi, na huyo mtoto ambaye dada alimwacha kwetu anyonye hewa safi, alivyosema, badala ya moshi wa mji. Hewa safi! Ayeyo na mimi na mtoto tulilala kwenye herio, nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka juu yake. Abti alikuwa amejenga chumba chake cha mabati kando. Na kati ya chumba na herio, zizi la miiba, karibu kiasi kwamba mbuzi akikohoa ndani, ayeyo anamwambia pole bila kuinuka.

"Ayeyo," nikamwambia bibi siku ile, "mtoto hafukuzi nzi."

"Awafukuze wamemkosea nini, ayeyo?"

Kwetu bibi na mjukuu huitana jina moja. Mimi namwita ayeyo, yeye ananiita ayeyo, na mjomba namwita abti naye ananiita abti. Ukitusikia tunagombana unaweza kudhani mtu anagombana na nafsi yake.

"Nzi ni wageni wa maziwa," akaendelea. "Nyumba isiyo na nzi ni nyumba isiyo na kitu. Mwaka ule wa ukame, uliwaona hapa?"

Sikuwaona, ni kweli. Mwaka ule ng'ombe wetu walianguka mmoja mmoja. Nzi walikuja kwa mizoga, wakashiba, kisha hata wao wakatuona hatuna maana wakaondoka. Kukawa kimya. Baadaye mvua ilirudi, Abti akapata mbuzi wachache kwa ndugu zake, mbuzi wa kwanza akazaa, na nzi wa kwanza alipotua kwenye ukingo wa kibuyu cha maziwa, ayeyo alimwambia "karibu". Nilikuwepo. Tulicheka wote, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Lakini alipokuwa akinikumbusha hayo, ayeyo alikuwa na kibano mkononi. Kibano hicho hufungwa kwa uzi shingoni mwake siku zote, kama wengine wanavyovaa hirizi. Kope zake zimegeuka, zinaota kuelekea ndani, zinakwaruza jicho kila akipepesa. Kwa hiyo anazing'oa. Anapapasa kwa kidole, anaikamata moja, anang'oa, anapangusa chozi, anaendelea na mazungumzo. Jicho moja limeshakuwa jeupe kama maziwa yaliyolala. La pili linamwonyesha kivuli cha mtu, lakini halimwambii ni nani.

Nikamtazama yeye, nikamtazama mtoto.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni, tukapanda pikipiki hadi zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamume wa kutoka bara, mrefu, mwenye uso wa mtu ambaye hajala. Alipindua ukope wa mtoto kwa kidole gumba, mtoto akapiga yowe, na ndani nikaona vipele kama punje za mchanga.

"Nani mwingine nyumbani anaumwa macho?" akaniuliza.

"Bibi."

"Kope zimeingia ndani?"

"Anazing'oa kwa kibano."

"Yake yalianza hivihivi. Nzi anatoka kwenye jicho la huyu, anakwenda la yule. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukope unakakamaa unajikunja." Akaandika kitu bila kuniangalia. "Nyinyi wafugaji mnalala na ng'ombe, kisha mnatuletea macho."

"Ng'ombe walikufa wote, daktari," nikamwambia. "Siku hizi tunalala na mbuzi."

Akainua kichwa. Nadhani alitaka kucheka, nadhani pia aliona haya. Mimi nilikuwa nimeshachomwa. Maneno yake yalikuwa kweli, na kweli ikisemwa kwa dharau inauma mara mbili, kwa sababu huwezi hata kuikataa. Alinipa dawa ya tyubu ya kupaka. Akaniambia nimwoshe mtoto uso kila siku hata kwa maji ya kiganja, kitambaa chake kisishikwe na mwingine, shimo la choo lifunikwe, kinyesi cha watoto kifukiwe kwa sababu nzi wa macho hukipenda kuliko vyote, na samadi ya zizi iondolewe iende mbali. Bibi naye aje siku madaktari wa kupasua kope wakipita.

"Dawa leo ipo," akasema. "Nzi wakibaki, utarudi. Na siku hiyo sijui kama itakuwepo."

Basi nikaanza vita. Nilivianza kwa furaha, nisidanganye. Nilirudi nyumbani nikiimba, naona tayari mtoto mwenye macho maangavu akiniuzia maziwa nyuma ya kioo. Nilitoboa kopo tundu dogo kwa msumari, nikalitundika kwenye mti wa mwarobaini, likawa linadondosha maji ya kunawa kidogokidogo kama mtu bahili anayetoa sadaka. Nilikata kipande cha bati kikawa kifuniko cha choo. Nilichoma majani ya mwarobaini mlangoni mpaka Abti akauliza kama tunakausha nyama ya binadamu. Nilikata shingo ya chupa ya soda nikaigeuza kichwa chini ndani yake, chini nikatia maji na kipande cha utumbo wa mbuzi. Nzi waliingia wasijue kutoka. Chupa ikawa nyeusi. Niliiinua juu nikamwonyesha mtoto, akapiga makofi.

Waliokufa walikuwa wengi. Waliokuja matangani walikuwa wengi zaidi.

Samadi aliyoitaja muuguzi nilikuwa nimeiacha, na ilinichukua muda kuona kwamba humo ndimo walimokuwa wakitoka. Palikuwa na mwana-mbuzi mmoja mweupe, masikio meusi, aliyechanwa sikio na miiba ya zizi. Nzi walilivamia lile jeraha. Asubuhi moja nilimkuta ameinamisha kichwa upande, anakitikisa, anakitikisa, na nilipomshika niliona funza. Nilipiga magoti katikati ya zizi nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikiwatoa mmojammoja kwa kibano cha ayeyo, nikilia kama aliyefiwa. Yeye alinilamba mkono. Niliponyanyuka, goti langu lilikuwa limezama kwenye samadi mbichi, na pale lilipokuwa, chini ya gamba la juu, samadi ilikuwa inatembea. Nikachimba kwa kijiti. Mabuu, weupe, wanasokotana kama wali unaochemka. Nikachimba pembeni, hali ileile. Tulikuwa tunawafuga. Tuliwakatia miiba tukawajengea boma, fisi asiwafikie.

Nilimkuta Abti kwenye kivuli cha chumba chake na kikombe cha chai, mkono mmoja unakunywa, mwingine unapunga.

"Abti, tuondoe samadi zizini."

"Abti, umeolewa na mkulima bila kuniambia?"

"Sitanii. Mabuu yamejaa mle. Ndiyo haya yanayotua kwenye chai yako."

"Hii chai ina sukari. Hata mimi ningetua."

"Basi tulihamishe zizi. Lipelekwe kule chini, upepo usituletee."

"Fisi watashukuru sana. Watakuombea dua." Kisha akaacha utani. Aliweka kikombe chini, akasimama, akanishika mkono mpaka mlango wa zizi. Akakanyaga kwa kisigino, kisigino kikazama. "Unaona unene huu? Huu ndio unene wa mali yangu. Mwaka ule nilisimama hapahapa nikaona ardhi. Ardhi tupu, nyekundu, na upepo unaifagia. Zizi lenye ardhi ni zizi la maiti. Sitaki kuiona tena ardhi ya zizi langu mpaka nife."

Mwaka ule nilimwona akimnyanyua ng'ombe kwa mabega yake, anamwambia simama, simama mama, na ng'ombe hakusimama. Lakini hasira yangu haikuondoka, ilijilaza pembeni kama paka, jicho moja wazi.

Siku aliyokwenda mnada wa Garissa, nilichukua koleo.

Wanawake wa jirani walipita wakienda kuchota maji wakanikuta nimejifunga mtandio kiunoni, samadi mpaka kwenye nyusi.

"Naa wewe!" mmoja akapaza sauti. "Umepoteza hereni?"

"Amepoteza mchumba," mwingine akajibu. "Alikuwa mdogo sana, ameanguka mle."

"Ukimpata muoshe kwanza!"

Nikacheka nao, ndiyo, hata kwa hasira mimi hucheka. Lakini hakuna aliyeshika koleo la pili. Kwetu mtoto wa kike hukamua, huchota maji, hukata miti, hujenga nyumba. Kukwangua zizi hakumo popote. Si kazi ya mwanamke, si kazi ya mwanamume, si kazi ya mtu yeyote. Haikuwahi kuwa kazi. Sikujua bado kwa nini.

Mkulima mmoja wa kando ya mto, wa mashamba ya ndizi, niliyemwita, alikuja na mkokoteni wa punda akaibeba yote. Alishukuru kana kwamba nimempa mahari. Mpaka alasiri zizi lilikuwa jekundu, safi, nimelifagia kwa matawi. Jioni ile chai yangu niliinywa kwa mikono miwili. Ulishawahi kunywa chai kwa mikono miwili? Ni raha ya wafalme.

Abti alirudi kabla mbuzi hawajarudi kutoka malishoni. Nilimwona kwa mbali amebeba mfuko wa sukari begani, anatembea haraka kama mtu mwenye habari njema. Alifika kwenye mlango wa zizi. Mfuko ukaanguka.

"Mbuzi wako wapi?"

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwaka ule.

"Wako malishoni, Abti. Wanakuja. Ni mimi nime—"

"Mbuzi wako wapi?"

Hakunisikia mpaka kengele ziliposikika upande wa vichaka. Walipoingia alisimama mlangoni akamgusa kila mmoja mgongoni akipita, midomo inacheza. Alipomgusa wa mwisho ndipo alipogeuka, na hapo nikajua kwamba mtu aliyeogopa sana hana huruma na aliyemwogopesha.

"Usiguse zizi langu tena!" Majirani walikuwa wameshatoka nje. "Si kwa koleo, si kwa ufagio, si kwa mkono! Mali ya watu inakwanguliwa kama sufuria! Nani amekutuma?"

"Macho ya mtoto yamenituma."

"Macho ni ya Mungu!"

"Na nzi ni wa nani, Abti?"

Aliokota mfuko wake wa sukari, ulikuwa umepasuka, na nzi walishaanza kujua.

Zizi likajaa tena, maana mbuzi hawaachi kazi yao kwa sababu watu wamegombana. Mvua ilinyesha, samadi ikalowa, ikavunda. Mtoto alikuwa amepona kwa ile dawa. Kwa muda mfupi alikuwa na macho ya kuona mbali. Alikuwa ananionyesha ndege kabla sijawaona. Kisha asubuhi moja aliamka kope zimegandana, nikazilowesha kwa maji ya vuguvugu ndipo zikafunguka. Nikamfunga mgongoni, pikipiki, zahanati.

"Imekwisha," yule muuguzi akasema. "Nilikwambia."

"Ulinambia kweli. Lakini kuniambia na kuniletea dawa, kipi kazi yako?"

"Dada, hata mimi ninaisubiri."

Nilitaka kumpigia kelele, na sikuweza, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Nilirudi kwa miguu sehemu ya njia kwa kukosa mtu wa kumkasirikia. Nilimkasirikia Abti, nikakumbuka ng'ombe asiyesimama. Nikamkasirikia dada kwa hewa safi yake. Nikayakasirikia magari yanayopita barabarani, vioo vimefungwa, nzi wao wako nje. Mtoto mgongoni alikuwa anaimba wimbo wangu wa ngamia, maneno nusu, na nzi walisafiri nasi bure.

Ayeyo alikuwa mlangoni pa herio. Akanyoosha mikono.

"Nipe."

Nikamkalisha mapajani pake. Alipitisha vidole usoni mwa mtoto taratibu, paji, nyusi, kisha pembe ya jicho. Vidole vikasimama. Aligusa tena.

"Kope zake zimekuwa nene," akasema.

"Si kope, Ayeyo."

Aligusa mara nyingine, wakaruka, wakatua kwenye vidole vyake, wakarudi jichoni. Mtoto alikuwa ametulia kimya, anamtazama.

"Mbona halii?"

"Amezoea."

Ayeyo alilishika lile shavu. Mkono mwingine ulikishika kibano shingoni.

"Hata mimi nilizoea," akasema.

Kisha akaanza kuongea, kama anayejikumbusha mwenyewe. Zamani, nzi wakianza kuonja chai kabla ya mwenye chai, mzee wa boma alikuwa anatoka, anaangalia upande wenye majani, anarudi anasema: fungueni nyumba. Wanawake wanazifungua, wanapakia ngamia, na kabla ya jua kuwa kali zizi limebaki nyuma na vyote vilivyomo. "Tulikuwa tunawaachia nzi zizi lao. Tulikwenda kwenye ardhi mpya, nao hawakutupata mpaka muda upite. Wakitupata, tunahama tena."

Nilimsikiliza mpaka kitu kikafunguka kichwani mwangu. Kumbe hatukuwa wachafu, kama alivyotaka kusema yule muuguzi. Hatukuwahi kushika koleo kwa sababu miguu ndiyo ilikuwa koleo letu. Kisha ng'ombe wakafa, ngamia wakauzwa, tukaketi karibu na barabara na shule na zahanati, tukakaa na zizi kana kwamba kesho tunahama. Na kesho hatuhami. Hakuna aliyetuambia kwamba anayeketi anahitaji koleo, na sisi wenyewe hatukujiambia.

"Mwite abti yako," ayeyo akasema.

Alikuja, akasimama kwa heshima.

"Naam, hooyo," akamwitikia mama yake.

"Hili zizi ni la nani?"

Akanitupia jicho. "Langu, hooyo."

"Na lile la mabati?"

"Langu."

"Na hii?" Akapiga kofi kwenye mkeka wa herio nyuma yake.

Abti akatazama chini. Hili kila mtu kwetu analijua kabla ya kujua jina lake: nyumba ni ya mwanamke. Huja nayo siku ya ndoa, fito na mikeka aliyosokotewa na mama yake na shangazi zake. Yeye huijenga, yeye huibomoa, yeye huipakia. Mwanamume ni mgeni ndani yake, hata akiishi humo mpaka ndevu ziwe nyeupe.

"Yako, hooyo."

"Sawa. Zizi lako limekataa kuhama. Mimi simgombezi mtu kwa mali yake. Nyumba yangu inahama kesho."

"Hooyo, watu watasema nini? Watasema nimekufukuza!"

"Watasema nilihama. Si mara ya kwanza."

Asubuhi wanawake wa jirani walikuja, walewale wa mchumba aliyeanguka kwenye samadi. Safari hii hawakusimama pembeni. Kazi hii waliijua. Mikeka ilivuliwa, fito zikatolewa ardhini moja baada ya moja, herio ikabaki mbavu, kisha ikabaki duara kwenye vumbi. Walitania kwa sauti kubwa ili Abti asikie chumbani kwake.

"Mtoto wa watu ameachika na mama yake!"

"Atapikiwa na mbuzi!"

Ayeyo, ambaye kwa siku nyingi nilikuwa namshika mkono kwenda chooni, alikaa katikati ya mzigo akifunga kamba. Hakuhitaji macho. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, vinazungusha, vinavuta, vinakaza, na binti aliyefunga fundo baya alifunguliwa fundo lake bila neno akarudishiwa kamba. Tulipakia punda. Ayeyo akauliza upepo unatoka wapi. Akalowesha kidole, akakiinua, akaonyesha. Kule juu, kwenye mchanga mwekundu wenye migunga, mahali ambapo mtu wa zizini ukimwita lazima upaze sauti. Mimi nikabeba mtoto na kopo langu la kunawia.

Abti akabaki na zizi lake, mabati yake na nzi wake.

Chai ilikuwa kwetu. Siku ya kwanza alivumilia mpaka mchana. Kisha tukamwona anapanda taratibu, kama mtu aliyetoka kutembea tu, shati mgongoni limetapakaa nzi waliopanda naye.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykumu salaam," ayeyo akajibu toka ndani. "Kung'uta shati kwanza."

"Hooyo..."

"Mbali. Mbali zaidi. Wageni wako hawajaalikwa."

Nilijificha nyuma ya mkeka nikajiziba mdomo. Mtu mzima, ndevu zake nyekundu za hina, amesimama kule chini anapepeta shati kama mwanamke anayepepeta mchele. Alikunywa chai yake. Aliinywa kwa mikono miwili. Nilimwona akiitazama ile mikono, na ulimi ukaniwasha.

Haukupita muda nikasikia panga. Abti alikuwa anakata miiba. Anaivuta chini upande wa pili wa upepo, anazungusha zizi jipya kwenye ardhi tupu, nyekundu, ambayo hakuna mbuzi aliyeikanyaga.

"Lile limejaa," akaniambia kabla sijauliza. "Hili likijaa nitazungusha lingine. Tumekuwa tukifanya hivyo siku zote."

"Ndiyo, Abti."

"Yule mkulima wako wa ndizi, mwambie akatoe vitu vyake mle. Asiniite niangalie."

"Ndiyo, Abti."

Hakuomba radhi, na mimi sikuidai. Mkokoteni ulipokuja, alikaa ameupa mgongo, anawatazama mbuzi wake tu. Na mimi nisidanganye kwamba hasira imekwisha. Dawa ilifika zahanati tumeshaisubiri mno. Madaktari wa kope bado ayeyo anawangoja, kila wiki anaambiwa wanakuja, na kila wiki kibano kinafanya kazi. Nikifikiria hilo damu inanichemka hata nikiwa ninakamua, na maziwa yanatoka kwa kasi.

Lakini juzi mtoto alikuwa amekaa mkekani mbele ya herio, anakula ugali na maziwa, macho maangavu kama ya swala. Nzi hawakosekani, hata juu kwenye mchanga hufika mmoja mwenye ukaidi. Alikuja, akazunguka, akatua kwenye pembe ya jicho la kushoto, palepale pa mababu zake.

Mtoto akapepesa. Akakunja uso wote. Akainua mkono wenye ugali akajipiga shavuni kwa nguvu kiasi kwamba alijishtua, nzi akaruka, na yeye akalia. Hakulia kwa maumivu, kilio cha maumivu nakijua. Alilia huku ananyoosha kidole hewani kumfuata yule nzi, anapiga miguu, amekasirika kama mzee aliyetukanwa sokoni.

"Ana nini?" ayeyo akauliza kutoka ndani, sauti imejaa hofu.

"Amekasirika, Ayeyo."

"Na nani?"

"Na nzi."

Kisha nikamsikia ayeyo anacheka peke yake mle ndani, anacheka na kukohoa, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nzi alikuwa anarudi. Nilipiga magoti mbele ya mtoto nikamkunjulia kiganja.

"Mpige," nikamwambia. "Mpige tena."